Kutoka Hifadhi ya Guildford hadi Kadi ya Mgonjwa: Watafiti wa Utandawazi na Afya Yetu

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza kueleza maana ya utandawazi kwa jinsi unavyohusu afya. Kufafanua namna watafiti wa kituo kimoja cha chuo kikuu walivyochunguza biashara ya sigara duniani. Na kutumia matokeo ya uchunguzi huo katika kumhudumia mtu anayetumia tumbaku, au katika kujisaidia mwenyewe iwapo ndiye mtumiaji.

Utangulizi

Mgonjwa anapofika zahanati na kikohozi kisichokoma, mhudumu humuuliza kilianza lini, kama makohozi yana damu, kama amepungua uzito, na kama anavuta sigara. Jibu la swali la mwisho huandikwa kwa neno moja, kisha kazi huendelea. Iwapo jibu ni ndiyo, mara nyingi lawama humwangukia mgonjwa mwenyewe. Husemwa, hata kama si kwa sauti, kwamba amejitakia.

Hukumu hiyo inastahili kuchunguzwa upya. Ni kweli kwamba mkono ulioiwasha sigara ni wa mgonjwa. Lakini kabla ya mkono huo walikuwapo watu wengine: waliopanga bei, waliobuni matangazo, walioamua shehena ipite mpaka upi na kwa njia gani, na wakati mwingine walioshiriki kuandika sheria ambayo ilipaswa kuwadhibiti. Wengi wao hawajawahi kukanyaga kijiji anakoishi mgonjwa huyo. Kuwafuatilia watu hao na maamuzi yao ni kazi ya kitaaluma yenye mbinu zake, na wapo wanaoifanya.

Vyuo vikuu kadhaa duniani vimeanzisha vituo vya kuchunguza utandawazi. Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kilianzisha kituo cha namna hiyo mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilifuata mwaka 2001, na kituo chake kikaja kuongozwa na Ernesto Zedillo, aliyewahi kuwa Rais wa Meksiko na ambaye baadaye alikuwa mjumbe wa jopo huru lililotathmini mwitikio wa dunia dhidi ya UVIKO-19 na kutoa ripoti yake mwaka 2021. Kwa upande wa afya, mfano ulio bora kwa somo letu ni kituo cha utafiti wa mabadiliko ya dunia na afya katika London School of Hygiene and Tropical Medicine, shule iliyoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya kufundisha tiba ya magonjwa ya nchi za joto.

Maana ya utandawazi katika afya

Profesa Kelley Lee, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kituo hicho cha London kabla ya kuhamia Kanada, alipendekeza kwamba utandawazi utazamwe kama mabadiliko ya aina tatu: mabadiliko ya mahali, ya wakati, na ya fikra. Mgawanyo huu ni mwepesi kukumbukwa, na humsaidia mhudumu kuona jambo ambalo rejista peke yake haionyeshi.

Mabadiliko ya mahali yanahusu jinsi mipaka inavyozidi kupoteza uzito. Vimelea vya malaria visivyosikia klorokwini vilijitokeza kusini-mashariki mwa Asia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa vimegunduliwa Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba ulikuja kuonyesha kwamba usugu ulioenea Afrika ulikuwa na asili ya Asia. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaanza kuingia katika matumizi ya dawa mseto. Hata hivyo, si kila tatizo hutoka ng'ambo. Usugu wa awali dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini uliogunduliwa Rwanda na kutangazwa mwaka 2020 ulionekana, kwa ushahidi wa vinasaba, kuwa umezaliwa papo hapo. Mtafiti makini wa utandawazi hufuata ushahidi, hata pale unapomrudisha nyumbani kwake.

Mabadiliko ya wakati yanahusu kasi. Katika karne ya 19, Dk. James Christie, aliyekuwa daktari wa Sultani wa Zanzibar, alifuatilia njia za kipindupindu kilichoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu magonjwa hayo ya mlipuko. Aliyasoma mapito ya misafara ya bara na safari za majahazi, kwa kuwa ugonjwa ulisafiri kwa mwendo wa mtu na wa upepo. Linganisha na UVIKO-19: taarifa za kwanza zilitoka Wuhan, China, mwishoni mwa Desemba 2019, na kufikia katikati ya Machi 2020 Kenya na Tanzania zilikuwa zimeshatangaza wagonjwa wao wa kwanza.

Mabadiliko ya fikra ndiyo magumu zaidi kuyaona. Yanahusu namna watu wanavyofundishwa kutamani, kuogopa na kuamini. Kijana anayevuta sigara kwa sababu ameona kwamba mvutaji ni mtu huru, mwenye fedha na wa kisasa, ameipata picha hiyo mahali fulani. Kuna aliyeibuni na aliyelipia isambazwe. Hapa ndipo watafiti wa London walipoelekeza nguvu zao nyingi.

Hifadhi ya Guildford

Mwaka 1998, kesi iliyofunguliwa na jimbo la Minnesota, Marekani, dhidi ya kampuni kubwa za sigara ilimalizika kwa makubaliano. Miongoni mwa masharti yake, kampuni zilitakiwa kuufungulia umma nyaraka zao za ndani kwa muda wa miaka 10. Nyaraka za kampuni za Marekani ziliwekwa katika hifadhi mjini Minneapolis. Zile za British American Tobacco ziliwekwa Guildford, mji ulio kusini mwa London, na hifadhi hiyo iliendeshwa na kampuni yenyewe.

Kwa maneno, hifadhi ilikuwa wazi. Kwa vitendo, kuisoma ilikuwa kazi ngumu. Kulikuwa na mamilioni ya kurasa, lakini orodha iliyotolewa kwa msomaji ilitaja majalada tu, wala haikuonyesha kilichomo ndani ya kila jalada. Idadi ya wageni ilikuwa na kikomo, na ilibidi kuomba nafasi mapema. Mtu aliyetafuta barua moja alilazimika kufungua jalada baada ya jalada, ukurasa baada ya ukurasa, na kuagiza nakala za karatasi ambazo hazikupatikana upesi.

Watafiti wa kituo cha London, miongoni mwao Kelley Lee, Jeff Collin na Anna Gilmore, waliona hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba miaka 10 ingepita kabla nyaraka hazijasomwa. Ya pili ni kwamba waliohitaji zaidi kuzisoma, yaani watu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ambako soko la sigara lilikuwa likitanuka, ndio ambao wasingemudu safari ya Guildford. Kwa hiyo walishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, pamoja na Mayo Clinic ya Marekani, katika mradi wa kupata nakala za nyaraka hizo, kuzigeuza kuwa picha za kompyuta na kuziweka katika mtandao ili mtu yeyote azisome bila malipo. Leo nyaraka hizo ni sehemu ya hifadhi kubwa ya San Francisco yenye nyaraka za viwanda vya tumbaku zaidi ya milioni 14.

Inafaa kusisitiza ni kazi ya namna gani. Mchunguzi wa maabara hutazama kimelea kwa hadubini. Mchunguzi wa utandawazi hutazama barua, kumbukumbu za vikao, mipango ya mauzo na ripoti za safari. Kazi hiyo huhitaji mtaalamu wa siasa, mwanasheria, daktari, mtunza nyaraka na fundi wa kompyuta wakae meza moja. Mfanyakazi aliyepanga picha za kurasa na kuziwekea tarehe sahihi alichangia ushahidi sawa na profesa aliyeandika makala, kwa sababu barua isiyopatikana haiwezi kumshuhudia mtu yeyote.

Nyaraka zilionyesha nini kuhusu Afrika

Matokeo mawili yanatuhusu moja kwa moja.

Tokeo la kwanza ni la magendo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu biashara haramu ya sigara barani Afrika, watafiti walihitimisha kwamba, kwa mujibu wa nyaraka za ndani, magendo yalikuwa sehemu muhimu ya mkakati wa British American Tobacco wa kuingia katika masoko: kupata wateja, kukwepa vizuizi vya uagizaji bidhaa, kushindana na wapinzani, na kupata nguvu ya kujadiliana na serikali. Kampuni hiyo imekuwa ikikana tuhuma za kuhusika na magendo. Kwa afya ya jamii, jambo lenyewe lina uzito mkubwa. Sigara iliyokwepa ushuru huuzwa kwa bei ya chini, na bei ya chini huwavuta kwanza vijana na maskini. Isitoshe, viwanda vya tumbaku hutumia hoja ya magendo kupinga kodi, vikidai kwamba kodi ikipanda, magendo yataongezeka. Mwenye kujua historia iliyomo katika majalada hayo huisikiliza hoja hiyo kwa tahadhari.

Tokeo la pili ni la sheria nchini Kenya. Mwaka 2007, Preeti Patel, Jeff Collin na Anna Gilmore walichapisha uchambuzi ulioonyesha, kutokana na nyaraka za kampuni yenyewe, jinsi ilivyoshiriki kuandaa kanuni za mwaka 1994 kuhusu kilimo cha tumbaku. Kanuni hizo ziliwabana wakulima wauze tumbaku yao kwa kampuni iliyowapa pembejeo, katika wakati ambapo mshindani wake, Mastermind, alikuwa akinunua kutoka kwa wakulima hao hao. Mkulima aliyedhani kwamba anatii sheria ya nchi yake alikuwa pia akitii matakwa ya mnunuzi wake.

Mipaka ya ushahidi huu

Msomaji wa taaluma ya afya amezoea kuuliza udhaifu wa kila utafiti, na hapa pia aulize. Nyaraka za kampuni hueleza waliyoyaandika wafanyakazi wake, na si lazima kila lililopangwa liwe lilitekelezwa. Baadhi ya nyaraka hazikutolewa kwa sababu za kisheria. Mambo mengine hayakuandikwa kabisa. Ndiyo maana watafiti hulinganisha nyaraka na takwimu za forodha, kumbukumbu za bunge, magazeti na mahojiano.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba majalada ya Guildford hayamtaji mgonjwa. Yanataja masoko, asilimia na majina ya chapa. Mtu aliyevuta, akakohoa, akapungua uzito na kufariki hayumo humo. Yeye yumo katika kadi ya kliniki na katika vitabu vya MTUHA, iwapo aliulizwa na jibu likaandikwa. Kwa hiyo ushahidi kamili una nusu mbili, na nusu ya pili iko mikononi mwa mhudumu wa zahanati.

Kutoka ushahidi hadi sheria

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba takribani asilimia 80 ya watumiaji wake wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tatizo linalovuka mipaka kwa kiasi hiki halimalizwi na nchi moja. Mwaka 2003, nchi wanachama wa Shirika hilo zilipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku, nao ukaanza kutumika mwaka 2005. Ulikuwa mkataba wa kwanza kujadiliwa chini ya katiba ya Shirika hilo, na sasa una nchi wanachama zaidi ya 180. Kenya iliuridhia mwaka 2004; Tanzania na Uganda mwaka 2007. Utandawazi uliopeleka sigara kila kona ndio huo huo uliowezesha mataifa kukubaliana namna ya kuidhibiti.

Ibara ya 5.3 ya mkataba huo inazitaka serikali kulinda sera za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya viwanda vya tumbaku. Baada ya yale yaliyosomwa katika nyaraka, sababu ya ibara hiyo haihitaji maelezo marefu. Miongozo yake inashauri pia taasisi za umma zisipokee misaada kutoka viwanda hivyo, jambo ambalo wasimamizi wa hospitali na vituo vya afya wanapaswa kulifahamu.

Afrika Mashariki haijakaa kimya. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2014 zilipingwa mahakamani na kampuni ya sigara hadi ngazi ya juu kabisa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikazithibitisha. Mwaka huo huo, Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilitupilia mbali shauri lililopinga sheria ya nchi hiyo.

Mambo ya kuzingatia kwa mhudumu wa afya

Kwanza, uliza kila mgonjwa na uandike. Uliza kuhusu sigara, na pia ugoro, tumbaku ya kutafuna na shisha, kwani wengi hujibu kwamba hawavuti ilhali wanatumia tumbaku kwa njia nyingine. Katika kliniki ya kifua kikuu swali hili halipaswi kurukwa, kwa kuwa uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua na kufa kwa ugonjwa huo. Katika kliniki ya wajawazito, uliza pia kama kuna anayevuta ndani ya nyumba.

Pili, shauri kwa ufupi na bila karipio. Maongezi ya dakika tatu hadi tano yakifanywa kwa heshima huongeza idadi ya wanaoacha. Mgonjwa aliyeaibishwa husema uongo katika ziara inayofuata, na takwimu zetu huharibika pamoja naye.

Tatu, mtambue mkulima. Katika maeneo yanayolima tumbaku, kama Tabora nchini Tanzania na Migori nchini Kenya, wapo wanaougua bila kuvuta sigara hata moja. Nikotini hupenya ngozi ya mtu anayeshika majani mabichi, hasa yakiwa na umande au mvua. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa na mwili kulegea. Zinaweza kudhaniwa kuwa malaria au sumu ya viuatilifu. Mgonjwa wa namna hii aulizwe alikuwa akifanya nini siku hiyo. Mshauri avae glovu na nguo za mikono mirefu, asubiri umande ukauke, abadilishe nguo zilizolowa, na anawe kwa sabuni baada ya kazi. Watoto na wajawazito wasishiriki kuvuna.

Maneno kwa mgonjwa anayetumia tumbaku

Ndugu msomaji, ikiwa umejaribu kuacha ukashindwa, jua kwamba nikotini hujenga uraibu wa kweli katika ubongo. Unapoacha, unaweza kupata hasira za haraka, usingizi mgumu, njaa ya mara kwa mara na kushindwa kutuliza akili. Hali hiyo, ambayo mitaani huitwa arosto, huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Haiui, na hupita.

Faida huanza mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo hushuka. Ndani ya saa 12 kiwango cha hewa ya sumu ya kaboni monoksidi katika damu hurudi kawaida. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua kwa kiasi kama hicho. Chagua siku ya kuacha, waambie watu wa nyumbani, ondoa sigara na viberiti karibu nawe, na umweleze mhudumu wa kituo chako ili akufuatilie. Ukiteleza, anza tena; wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

Hitimisho

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Biashara ya tumbaku ilificha mengi katika majalada, na vilio vilisikika kwanza wodini. Watafiti wa utandawazi wameonyesha kwamba maamuzi ya mbali yanaweza kufuatiliwa, kusomwa na kuwekwa hadharani. Lakini barua ya Guildford hupata uzito kamili inapowekwa kando ya kadi ya mgonjwa wa Urambo au Kuria. Mhudumu anayeuliza na kuandika kwa uaminifu, na mgonjwa anayejibu kwa ukweli, wote wawili wanashiriki utafiti huo. Na yule aliyekaa mbele ya mhudumu akikohoa anastahili kwanza kusaidiwa, kwa maana wengine wengi wanapaswa kuulizwa maswali kabla yake.

Maswali ya kujipima

1. Taja aina tatu za mabadiliko yanayoletwa na utandawazi, na utoe mfano wa kila moja kutoka eneo lako la kazi au makazi.
2. Kwa nini hifadhi ya Guildford ilikuwa vigumu kutumika ingawa ilikuwa wazi kwa umma?
3. Sigara za magendo huathiri vipi afya ya vijana na sera ya kodi?
4. Mkulima wa tumbaku amefika kituoni akitapika na kuona kizunguzungu, na kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Utamuuliza nini, na utamshauri nini?
5. Pitia rejista ya kituo chako ya mwezi uliopita. Ni wagonjwa wangapi wa kikohozi walioulizwa kuhusu tumbaku, na majibu yao yaliandikwa wapi?